Roshani si Terasi: Tuliyoyaona Membley



Ndugu wasomaji, mwezi wa Julai tulisafiri kutoka Mombasa pamoja na mama watoto kwenda kumtazama binti yetu, aliyekuwa ndani ya arobaini yake. Yeye na mumewe wamehamia Membley, mtaa ulioko Ruiru, kaunti ya Kiambu, pembeni mwa barabara kuu ya Nairobi kwenda Thika. Ni nchi ya baridi, iliyojulikana kwa kahawa kabla ya kujulikana kwa maghorofa. Jua la Julai huko ni adimu. Likichomoza saa nne asubuhi, watu hulitoka kama tunavyoitoka mvua ya kwanza.

Dalali alikuwa amewaambia kwamba nyumba ina terasi. Tulifurahi, kwani kwa fikira zetu terasi ni ndugu wa baraza. Tulipofika tukapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, tukaoneshwa mlango uliofunikwa pazia zito. Nyuma yake palikuwa na kijukwaa cha hatua mbili, chenye vyuma vya kushikia, kinachotazamana na jengo la pili. Ile haikuwa terasi. Ilikuwa roshani.

Tofauti yake ni hii. Terasi ni sakafu ya wazi iliyokalia kitu: ama ardhi, mbele au nyuma ya nyumba, ama dari la vyumba vilivyo chini yake. Roshani huchomoza ukutani, chini yake ni hewa tupu, na uzito wake wote hubebwa na nyumba. Kwa hiyo terasi huweza kukusanya jamaa na majirani, na roshani hutosha watu wawili na kiti. Si pahala pa kurundika mapipa ya maji wala magunia ya makaa.

Lakini tofauti kubwa zaidi tulifunzwa na binti yetu. Pazia lile lilikuwa halijafunguliwa tangu ajifungue. Akatwambia, “Baba, nikilifungua, yanipasa nijifunike kama niendaye sokoni. Nikilifunga, mtoto hapati jua.” Alikuwa amekwisha kumwomba mumewe ruhusa arejee Mombasa na mtoto, naye mume abaki na kazi yake.

Sisi, kwa haraka ya wazee, tukamuusia subira. Mama watoto akatutazama, akasema, “Anayesubiri ni yeye. Hebu nenda ukakae hapo saa moja.” Tukaenda. Hata robo saa haikutimia, jicho letu likaangukia jikoni mwa watu wa ng’ambo pasi na kukusudia. Tukainamisha macho, na wao wakafunga pazia lao. Hapo tukafahamu kuwa roshani isiyo na stara huwadhuru wote wawili, anayeonekana na anayeona. Sura ya Nur imetufunza kubisha hodi kabla ya kuingia majumbani mwa watu, na jicho nalo huingia.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Katika Mji wa Kale wa Mombasa roshani zilitiwa mbao za nakshi, upepo upite na mwenye nyumba aone njia bila ya kuonekana. Lamu, mgeni aliketi dakani, nje ya mlango, na wanawake wakavuka kwa wikio kutoka nyumba hadi nyumba bila ya kushuka njiani. Kila pahala palikuwa na watu wake.

Siku ya pili mkwe wetu akamwomba mwenye nyumba idhini, tukatundika chiki za mianzi. Tulihakikisha vyuma ni imara na hatukuacha kiti karibu navyo, maana mtoto hukua. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alionya juu ya kulala kwenye dari lisilo na kizuizi. Asubuhi yake pazia likafunguliwa, na mjukuu wetu akaota jua kifuani mwa mamake.

Jioni mlango ukabishwa. Alikuwa mama wa ng’ambo, amebeba chupa ya chai. Akamwita mama watoto “shosho,” kisha akamwambia binti yetu, “Nilidhani hamtutaki. Kila siku pazia limefungwa.” Kumbe lile tulilolihesabu kuwa ni stara, yeye alilihesabu kuwa ni chuki! Akawashusha hadi nyuma ya jengo, penye sakafu ya saruji ambapo wanawake huchambua sukuma wiki na kuanika nguo. Terasi ilikuwapo siku zote. Ilikosa mtu wa kumwonesha binti yetu njia.

Hatukusikia tena habari ya kurejea Mombasa.

Basi enyi mnaopangia watoto wenu nyumba za bara, msitosheke na jina alitajalo dalali. Ulizeni: pahala hapa pamekalia nini? Nani atatuona, na sisi tutamwona nani? Kisha ulizeni majirani huketi wapi, mkawasalimie kabla ya kutundika pazia.

Wabillahi tawfiq.