HABARI YA SIMU TULIIPIMA KARIAKOO

Ndugu msomaji, mimi ni bwana shamba. Nilisomea kilimo nikapata cheti. Kwa miaka mingi nimefanya kazi vijijini, na wakulima huniamini. Leo nakueleza jinsi nilivyoiharibu imani hiyo, na jinsi wanafunzi walivyonisaidia kuitengeneza.

Siku moja nilipata habari kwenye simu. Ilisema hivi: "Kariakoo kuna dawa mpya. Piga mara moja tu, kanitangaze wote watakufa." Chini palikuwa na picha ya nyanya nzuri, nyekundu. Wewe mkulima wa nyanya unamjua kanitangaze. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kusini. Kwetu Tanzania alionekana mwaka 2014. Funza wake hutoboa majani na matunda.

Sikuuliza kitu. Niliwatumia wakulima habari ile. Wakachanga pesa, dawa ikanunuliwa. Baada ya wiki mbili nyanya zilikuwa na matundu kama zamani. Mama mmoja mjane aliniambia, "Bwana shamba, mimi sikuiamini simu. Nilikuamini wewe."

Neno hilo liliniuma sana.

Baadaye wanafunzi wa sekondari yetu walipata habari kama ile kuhusu dawa nyingine. Walitaka kuinunua kwa ajili ya bustani ya shule. Safari hii nilisema, "Ngojeni. Kwanza tuipime habari yenyewe." Tukaandika maswali manne ubaoni:

1. Ni nani anayesema?
2. Amejuaje?
3. Anapata faida gani tukimwamini?
4. Ni nani mwingine anayesema hivyo?

Swali la kwanza halikupata jibu. Habari haikuwa na jina la mtu wala la ofisi. Kisha msichana mmoja akaitafuta ile picha kwenye intaneti. Aliiona katika tangazo la mbegu la nchi nyingine. Kumbe nyanya zile hazikuhusiana na dawa ile hata kidogo!

Mwalimu alituruhusu kwenda Dar es Salaam. Nilichukua wanafunzi watatu. Tulipanda basi mpaka Mbagala, kisha daladala mpaka Kariakoo.

Tulipofika penye soko kuu, kijana mmoja alisema, "Nimesoma kwamba soko hili lilijengwa na Wajerumani." Nikamjibu kwamba hiyo ni nusu ya ukweli. Zamani Wajerumani walikuwa na jengo mahali pale. Lakini jengo lililofunguliwa mwaka 1975 lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli. Ndilo lililoungua Julai 2021. Habari ya nusu ni ngumu kuitambua, maana ndani yake mna kitu cha kweli.

Tukaingia katika maduka ya pembejeo. Katika duka la kwanza muuzaji aliisifu sana dawa. Msichana akamwuliza kwa adabu, "Shikamoo mzee. Umejuaje kwamba inafaa?" Akajibu, "Wateja wanasema." Msichana akauliza, "Wateja wa wapi?" Mzee akacheka, akaenda kumhudumia mtu mwingine.

Katika duka la pili tulimkuta mama mtu mzima. Alichukua chupa ya dawa ile ile akasema, "Wanangu, msisikilize maneno yangu. Someni karatasi hii ya chupa." Wakasoma. Palikuwa na namba ya usajili, kipimo cha kuchanganya na maji, na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Palikuwa pia na jina la mdudu. Lilikuwa vidukari! Kanitangaze hakutajwa popote. Dawa ilikuwa ya kweli, lakini si ya mdudu wetu. Hiyo nayo ilikuwa habari ya nusu.

Tulirudi bila kununua. Wanafunzi waliandika yote waliyoyaona, wakayasoma mbele ya mkutano wa wakulima. Nami nilisimama nikamwomba radhi yule mama mbele ya watu wote. Akaniuliza, "Haya, sasa tufanye nini?"

Nilimweleza ninayoyajua. Funza wa kanitangaze hujificha ndani ya jani na ndani ya tunda, kwa hiyo dawa haimfikii kwa urahisi. Tena ukipiga dawa moja kila mara, wadudu huizoea. Kwa hiyo ng'oa na uharibu masalia baada ya mavuno. Tumia mitego ya harufu. Usipande nyanya, bilinganya au viazi mviringo mfululizo katika shamba moja; badilisha na mahindi au maharage. Ukilazimika kupiga dawa, tumia iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka inayosimamia viuatilifu nchini, na badilisha aina ya dawa kama utakavyoelekezwa.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Huo ni ushindi mkubwa. Lakini kusoma si kuamini kila kilichoandikwa. Maandishi ya simu, ya gazeti, hata haya yangu, yaulize yale maswali manne. Wafundishe na watoto wako nyumbani.

Yule mama mjane sasa hunipigia simu kila apatapo habari mpya. Kabla sijajibu, yeye huniuliza, "Bwana shamba, umejuaje?" Nami nafurahi sana kuulizwa.