Picha Iliyotoka Safi

Mpwa wangu aliteremshwa basini Tarime mwezi wa Rajabu, amebebwa na vijana wawili, miguu ikining'inia kama ya mtoto aliyelala. Dada yangu alishika bahasha ya eksirei. "Kaka, picha ni safi," akaniambia. Nikashukuru, nikidhani nimeelewa.

Kijana alikuwa Unguja, akizamia majongoo bahari kwa mitungi ya hewa. Siku ile alizama mara nne, na kila mara akapanda juu kwa haraka. Jioni kiuno kikamuuma, ganzi ikashuka miguuni. Kufikia alfajiri hakuweza kusimama wala kukojoa. Wenzake wakasema amekaliwa na jini wa bahari. Mfupa ulipoonekana mzima pichani, neno la jini likapata nguvu.

Tulimwita sheikh kutoka Mugumu, wilaya ya Serengeti, aje amsomee. Alisoma, kisha akauliza jambo ambalo sisi hatukuliuliza: "Mlikuwa mkishuka pima ngapi?" Kijana akajibu, kumi na tano, pengine zaidi. Sheikh, aliyepata kuishi pwani, akasema: "Mpelekeni kwa tabibu leo. Dua nitaendelea nayo mimi."

Daktari wa Mwanza alitufafanulia. Kila mita 10 za maji humwongezea mzamiaji shinikizo sawa na la anga yote iliyo juu yetu. Naitrojeni huyeyuka damuni, na mtu akipanda haraka hugeuka viputo, mfano wa soda iliyofunguliwa ghafla. Viputo huzuia damu isifike kwenye ugwe wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo. Eksirei huuona mfupa, ugwe haiuoni. MRI ndiyo iliyotuonyesha alama nyeupe mgongoni mwake. Nayo pia huweza kutoka safi mwanzoni. Kwa hiyo oksijeni na chumba cha shinikizo havingoji picha. Maelezo ya mgonjwa yatosha.

Akauliza alisafirije. Kwa basi, nikasema, siku ya pili yake. Akanyamaza. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na Tarime iko juu zaidi. Hewa nyepesi huvikuza viputo.

Leo, alhamdulillah, anatembea kwa magongo kutoka kitandani hadi mlangoni. Mdogo wake ameaga kwenda Unguja baada ya Idi. Nimekataa. Dada ananiuliza ada ya wadogo zake itatoka wapi, na bado hatujaelewana.