Frateri, Uliangalia Juu



Ndugu msomaji, likizo iliyopita nilifanya kosa ambalo nimerudi nalo hadi darasani. Nalieleza hapa kwa sababu wengi wetu, mafrateri na viongozi wa jumuiya, tunaweza kulirudia tukiwa na nia njema kabisa. Kosa lenyewe lilikuwa katika kuhesabu maskini.

Nilikuwa nyumbani mkoani Kagera, katika utume wa likizo kwenye kigango kimoja cha parokia yetu. Siku moja Paroko aliniita ofisini akanikabidhi daftari kubwa lenye jalada lililochakaa. Liliandikwa mwaka 2012 na katekista wa kigango, ambaye sasa ni marehemu. Mzee yule alipita nyumba kwa nyumba akaandika habari za kila familia: wanaishi wangapi, wanakula mara ngapi kwa siku, kibanja chao kina ukubwa gani, nyumba imeezekwa kwa nini, nani anaumwa. Tangu hapo mfuko wa maskini wa kigango umekuwa ukitumia orodha ile ile, majina yakiongezwa na kufutwa kwa kukumbuka tu.

"Frateri," Paroko aliniambia, "nataka kujua mambo mawili. Nani wanastahili kusaidiwa sasa? Na je, watu wetu wana nafuu kuliko wakati ule?"

Nilikuwa na wiki tatu tu. Nikaona kwamba nikianza kuuliza habari za chakula na matumizi, kila nyumba itanichukua nusu siku, na tena watu huona aibu kusema walikula nini jana. Nikatengeneza fomu fupi ya mambo matano: paa, sakafu, simu, taa ya sola na mifugo. Kila kimoja nilikipa alama. Kwa kuwa katekista alikuwa ameandika aina ya paa na sakafu, nikafurahi kwamba nina kitu cha kulinganisha na zamani. Nyumba moja sikuimaliza kwa zaidi ya dakika kumi. Nyingine niliziandika nikiwa nimesimama uani.

Matokeo yalipendeza. Katika daftari la zamani, nyumba za nyasi zilikuwa nyingi. Mimi nilikuta chache sana. Simu, ambayo mzee wetu hakujisumbua hata kuiuliza, sasa ilikuwa karibu kila nyumba. Nilisimama mbele ya halmashauri ya walei nikasema kwa kujiamini kwamba umaskini katika kigango chetu umepungua kwa zaidi ya nusu. Wazee walipiga makofi. Majina kadhaa yakaondolewa kwenye orodha, na mgawo wa mwezi ule wa mahindi, maharage na daftari za watoto ukaenda kwa waliobaki.

Baada ya Jumapili mbili, mwenyekiti wa jumuiya moja alinishika mkono nje ya kanisa. "Frateri, yule mama wa kule bondeni haji tena jumuiya. Nenda kamsalimie."

Nilikwenda siku iliyofuata, saa saba mchana. Ni mjane, umri wa bibi yangu, anayelea wajukuu wawili. Nilimwamkia, akanikaribisha kwenye mkeka na kunitolea kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi yetu kwa mgeni. Nilikuwa nimeketi pale kwa muda ndipo nikatambua kwamba jikoni hakukuwa na moshi, wala hakuna aliyekuwa na haraka ya kuwasha moto.

Nilimuuliza kwa nini haonekani jumuiya. Alicheka kidogo, akasema hana cha kutoa wakati wa sadaka, na ameona aibu tangu jina lake lisomwe kwamba ametoka kwenye umaskini. Kisha akanieleza habari za bati lake. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa ukuta wa nyumba yake ya zamani. Ili ajenge tena aliuza sehemu ya chini ya kibanja, ile iliyokuwa na migomba mizuri. Fedha ile ilinunua matofali na bati. Sehemu iliyobaki iliingiwa na mnyauko, migomba ikakauka mmoja baada ya mwingine. Sasa anakwenda kulima kwa watu ili apate unga. Simu niliyoipa alama aliletewa na binti yake aliyeko Mwanza. Yeye hana fedha ya vocha, anasubiri kupigiwa.

"Frateri mwanangu," alisema bila hasira yoyote, "wewe uliangalia juu. Hukuangalia chunguni."

Nilirudi kigangoni kwa miguu, polepole. Kwenye fomu yangu yule mama alikuwa amepanda ngazi mbili. Bati ambalo nilidhani ni dalili ya nafuu lilikuwa kumbukumbu ya kile alichopoteza. Katekista, kwa kalamu yake ya kawaida, alikuwa ameandika mwaka 2012 kwamba familia hii inakula mara mbili kwa siku. Mimi sikuuliza.

Niliporudi seminarini nilianza kusoma jinsi taifa linavyopima jambo hili, nikakuta kwamba wataalamu wanahangaika na swali lile lile la Paroko. Kwa Tanzania Bara, umaskini hupimwa hasa kwa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi, unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Ni kazi ghali na ndefu, ndiyo maana haifanyiki kila mwaka. Kuanzia 1991 hadi 2018 ulifanyika mwaka 1991/92, 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18. Katikati ya tafiti hizo kuna miaka mitupu, wakati mwingine karibu kumi. Ni kama kumtazama mtoto kwa picha tano tu tangu azaliwe, halafu mtu akuulize alianza lini kuugua.

Utafiti wa mwaka 2011/12 ulionesha kwamba asilimia 28.2 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Ule wa 2017/18 ulionesha asilimia 26.4. Mstari wenyewe katika utafiti huo wa pili ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Asilimia ilishuka, lakini kwa kuwa watu tumeongezeka, idadi ya maskini ilipanda, kutoka takribani milioni 12 hadi takribani milioni 14. Sentensi zote mbili ni za kweli. Anayesema moja na kunyamazia nyingine hajadanganya, ila hajamaliza kusema.

Jambo lililonishtua zaidi ni kwamba jibu hutegemea pia namna unavyouliza. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti walifanya jaribio hapa hapa Tanzania kwa kaya zipatazo 4,000. Walizigawa kwa kura katika makundi manane, kila kundi likiulizwa matumizi yake kwa njia yake: wengine waliandika kwenye shajara kila siku, wengine waliulizwa kukumbuka siku saba, wengine siku kumi na nne, wengine kwa orodha ndefu ya vyakula na wengine kwa orodha fupi. Kwa kuwa makundi yaligawanywa kwa kura, hali zao zilipaswa kulingana. Hata hivyo viwango vya umaskini vilitofautiana sana. Basi ukibadilisha fomu kati ya utafiti mmoja na mwingine, unaweza kutangaza mabadiliko ambayo yametokea kwenye karatasi tu.

Je, tusitumie kabisa njia fupi? Sidhani. Pale ambapo utafiti kamili haupo, wataalamu huchukua mwaka ambao kaya ziliulizwa kila kitu, wakajifunza jinsi matumizi yanavyoendana na mambo rahisi kuona, kama vile paa, elimu, idadi ya watu nyumbani na mali walizo nazo. Kisha huenda kwenye utafiti mfupi wa mwaka mwingine na kukisia matumizi kwa mambo hayo. Njia hii ina manufaa, na inasimama juu ya sharti moja: uhusiano ule usiwe umebadilika. Miaka ya 2000 mwanzoni, mwenye simu kijijini alikuwa mtu wa nafasi. Leo anayelima vibarua anayo. Simu ni ile ile kwa jina, lakini ushuhuda wake umebadilika. Mimi sikuwa hata na hatua ya kwanza: sikuuliza chakula cha nyumba yoyote ili nijue bati linaendana na nini.

Hapa ndipo masomo yetu ya Falsafa yalipokutana na kile chungu. Aristotle anatufundisha katika Fizikia kwamba ili tuseme kitu kimebadilika, lazima kuwe na kitu kinachobaki kile kile katika badiliko. Mtu asiyejua muziki huwa mwanamuziki, lakini mtu ni yule yule. Nikajiuliza: tunaposema umaskini umepungua, nani ndiye aliyebaki na kubadilika? Tafiti kubwa nilizozitaja kila mara huchagua kaya mpya. Zinatuambia jambo la kweli kuhusu taifa, lakini haziwezi kutuambia kama aliye maskini leo ndiye yule wa miaka sita iliyopita, au mmoja ametoka na mwingine ameingia.

Ndiyo maana nilifurahi kukuta kwamba mkoa wetu wa Kagera una mfano unaojulikana duniani. Kati ya mwaka 1991 na 1994, kaya zaidi ya 900 zilitembelewa tena na tena, wakati ugonjwa wa Ukimwi ulipokuwa ukizitikisa familia zetu. Mwaka 2004 watafiti walirudi, na hawakubisha hodi kwenye nyumba zile tu. Waliwatafuta watu wenyewe popote walipokwenda, mijini, mikoa mingine, hata nje ya nchi. Kaya zile zilikuwa zimegawanyika na kuwa zaidi ya 2,700. Wakagundua kwamba kuhama kuliongeza ukuaji wa matumizi kwa pointi 36 za asilimia, ukilinganisha na kubaki. Kama wangewahesabu waliobaki kijijini peke yao, wangekosa sehemu kubwa ya habari. Mwaka 2010 walirudi tena.

Niliposoma hayo nilifungua tena nakala ya daftari langu. Karibu na majina mengi ya mwaka 2012 nilikuwa nimeandika neno moja, "wamehama", na kuyaacha nje ya hesabu. Sikujua kama walihama kwa sababu ya neema au kwa sababu ya njaa. Nafuu niliyoitangaza kwa halmashauri ilikuwa ya waliokuwepo tu.

Nimemfikiria mara nyingi yule mchungaji katika Injili aliyewaacha kondoo tisini na tisa. Huwa tunahubiri upendo wake wa kumtafuta aliyepotea. Lakini asingejua kwamba mmoja amepotea kama hakuwa akiwahesabu, na asingemtambua kama alikuwa akihesabu vichwa tu. Kuhesabu vizuri ni sehemu ya kazi ya uchungaji. Mimi nilihesabu kwa haraka, na aliyepotea nikamwandika kuwa yupo zizini.

Nilimwandikia Paroko nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alinipa kazi nyingine kwa likizo ya Pasaka: jumuiya mbili tu, nyumba ishirini, bila haraka. Niliuliza maswali ya katekista, kwa maneno yake, kama alivyoyaandika, na ndipo nikaongeza ya kwangu. Pale nilipoweza kupata namba ya simu ya waliohama, niliwapigia. Kwa nyumba hizo ishirini niliona kwamba kulala chini ya bati hakuelezi karibu chochote kuhusu chakula, na kwamba ukubwa wa kibanja na idadi ya watu wazima wenye nguvu vinaeleza zaidi. Nyumba ishirini ni chache, nami nimeandika hivyo kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa. Kwa swali la pili la Paroko, kama watu wetu wana nafuu, nimejibu kwamba wengine wanayo na wengine wameporomoka, na kwamba tamko langu la kwanza lifutwe kwenye kumbukumbu za halmashauri.

Yule mama amerudishwa kwenye orodha. Anakuja jumuiya, na Jumamosi moja alisoma nia ya maombi. Lakini miezi ile ambayo jina lake halikuwepo imeshapita, na wajukuu wake waliipitia. Nilipokwenda kumwomba msamaha alininyamazisha kwa mkono, akaniuliza kama nimekula. Nilisema bado. Akafunua chungu, akanipakulia.

Tuombeane.