Riwaya Husukwa Kama Ukili

 

Leo tunaweka kando hina na singo, tuzungumze kuhusu kalamu. Sisi ni wanawake watatu wa Unguja. Mmoja wetu anasomesha skuli, mmoja anashona nguo za harusi nyumbani kwao Mkunazini, na mmoja ni mama wa watoto wanne, anakaa Kiembesamaki. Kila mmoja ana riwaya anayoiandika, na huu ni mwaka wa tatu. Hakuna aliyemaliza, lakini alhamdulillahi hakuna aliyeacha. Mshonaji wetu ameolewa Mfunguo Mosi uliopita, na kabla ya harusi wengi walituambia kwamba akishaingia ndani, habari ya riwaya imekwisha. Kwa hiyo tumeona tueleze namna tunavyoandika na namna tunavyojipanga, pengine itamfaa bi harusi mwengine mwenye daftari alilolificha chini ya godoro.

Kwa nini tunashikilia

Visiwa vyetu havina uhaba wa waandishi. Chukua wanawake watatu mashuhuri wa riwaya za hapa: Rehema wa Nyota ya Rehema, iliyotoka 1976, Maimuna wa Utengano, ya 1980, na Yasmin wa Vuta N'kuvute, ya 1999, ambayo mwaka 2021 ikafanywa filamu. Wote watatu tunawapenda. Yasmin ni binti mdogo aliyeozwa mume mzee, na kila bi harusi akimsoma lazima moyo umshtuke. Lakini wote watatu wameandikwa na wanaume: Mohamed Suleiman Mohamed, Said Ahmed Mohamed na Adam Shafi. Mola awalipe kheri kwa kazi yao. Hata hivyo, yapo ambayo mwanamke huyajua kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa chumbani siku ile, akasubiri mlango ugongwe. Nani atayaandika hayo tukinyamaza?

Wapo waliotutangulia. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa mabinti wa wakati wake walifunzwa kusoma tu. Mengi katika maisha yake hatuyafuati, na sote tunayajua. Lakini tazameni subira yake. Alifiwa na mume ugenini Ujerumani mwaka 1870, akabaki na watoto watatu wadogo. Akaanza kuandika kumbukumbu zake kwa ajili ya watoto hao, na ilimchukua karibu miaka tisa hadi kitabu kutoka mwaka 1886. Karibu na zama zetu yupo Zainab Alwi Baharoon, ambaye riwaya yake Mungu Hakopeshwi ilipata Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya mwaka 2018. Siku tulipopata habari ile tulipigiana simu kama vile ndugu yetu amejifungua salama.

Hata Abdulrazak Gurnah, mtoto wa hapa hapa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987 akikaribia miaka 40, na alikuwa akiandika huku akisomesha chuo kikuu. Kwa hiyo anayesubiri siku asiyokuwa na kazi ndipo aandike, atasubiri sana.

Mfano wa bibi zetu

Nani kati yetu hakumuona bibi akisuka ukili? Hatengi siku nzima ya kusuka. Anasuka akisubiri wali ukauke, akimuongoza mjukuu kusoma, akizungumza na jirani barazani. Akiitwa, anauweka chini. Akirudi anaushika pale pale alipouacha, na mkono unajua zamu ni ya ukindu upi. Ukili unazidi kurefuka, anauviringa, anauweka. Siku ukitimia ndipo anakaa kitako kuushona, na ndipo nyinyi mnauona mkeka.

Riwaya zetu zinakwenda hivyo. Siku nzima ya kuandika hatuna, ila siku yetu ina sala tano, na sala tano ni ratiba ambayo hakuna mgeni wala mkwe anayeweza kuivuruga. Mwalimu wetu anaandika baada ya Alfajiri, dakika 40 kabla ya kujitayarisha kwenda skuli. Mama wa Kiembesamaki anaandika baina ya Adhuhuri na Alasiri, watoto wakiwa chuoni. Mshonaji huandika baada ya Isha, mashine ikishafunikwa. Kipimo chetu ni ukurasa mmoja wa daftari, na siku ya homa au ya msiba ni mistari mitatu. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, ijapokuwa ndogo. Tumelichukua funzo hilo hadi kwenye kalamu.

Lakini bibi anaweza kuuacha ukili na kuurudia kwa kuwa ncha yake iko wazi. Na sisi hatufungi daftari mpaka tuandike chini ya ukurasa sentensi moja ya kesho: nani anaingia, anataka nini. Kesho yake hatuanzi kwa kujiuliza tulikuwa wapi.

Madaftari matatu

Mwenye kuandika kwa vipande vya dakika 40 hawezi kuibeba riwaya nzima kichwani. Kwa hiyo kila mmoja ana madaftari matatu, mbali na lile la riwaya yenyewe.

La kwanza ni daftari la watu. Kila mhusika ana ukurasa wake: umri, mtaa, kazi, anavyozungumza, anavyovaa buibui lake, anamwita nani mama mdogo na nani wifi. Zaidi ya yote tunachora nasaba, na ndani yake tunaandika nani kamnyonyesha nani. Mtu wa mbali anaweza kucheka, lakini nyinyi mnajua. Katika nyumba zetu shangazi humnyonyesha mtoto wa ndugu yake mama akiwa mgonjwa. Ukishaandika katika sura ya tatu kwamba kijana kanyonyeshwa na shangazi hadi kushiba siku zile zote, basi binti wa shangazi huyo ni dada yake, na harusi unayoipanga sura ya 15 haiswihi. Msomaji wetu ataliona kabla hajafika kwenye mahari. Na ukiwa umelipanga kwa makusudi, hapo ndipo pana kisa cha kumkosesha mtu usingizi.

La pili ni daftari la siku. Riwaya ya mwalimu inapita katika mwaka 1964. Mapinduzi yalikuwa tarehe 12 Januari, na Ramadhani ya mwaka ule ikaandama siku chache tu baadaye, katikati ya mwezi huo huo. Maana yake watu walifunga katika joto la kaskazi, na mitaa haijatulia. Ukiandika futari ya mwaka ule yenye mvua ya masika inayogonga mabati, mzee aliyekuwepo ataacha kukuamini. Mwezi mwandamo hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua, kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote. Ndiyo maana kila tukio tunaliandikia mambo matatu: mwaka, mwezi wa Kiislamu, na upepo unaovuma, kaskazi au kusi.

La tatu ni daftari la maneno. Humo tunaweka methali, majina ya kanga, na vitu ambavyo majina yake yanapotea. Bi mkubwa mmoja wa Makunduchi akizungumza nasi kwa Kikae, tunaandika neno lake kama alivyolitamka, kisha tunaangalia Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA kama limo. Likiwa halimo, tunalishika vizuri zaidi.

Na wapi tunayaweka? Mji Mkongwe una chumvi ya bahari, unyevu na mchwa. Madaftari yetu yanakaa ndani ya makopo ya biskuti, yamefungwa mifuko ya plastiki, na makopo yapo juu ya kabati. Kila Ijumaa kila mmoja anapiga picha kurasa za wiki ile kwa simu, anawatumia wenzake wawili kwa WhatsApp. Hivyo kila riwaya ina nyumba tatu. Kompyuta tunaitumia pale sura inapokamilika, lakini karatasi hatuiachi. Waliokuwepo wanakumbuka Disemba 2009, umeme wa Unguja ulipokatika kiasi cha miezi mitatu. Daftari na taa ya chemni vingeendelea na kazi.

Amana za watu

Hapa tunataka tusimame kidogo. Mwanamke anayeandika husikia mengi. Anayeshona nguo za harusi husikia zaidi, maana bi harusi akipimwa kiuno hutoa na ya moyoni. Na somo anapomfunda mwari, maneno yale ni amana.

Kwa hiyo kabla ya sura kutoka mikononi mwetu kwenda kwa wenzetu, tunaipitisha kwenye swali moja: mwenye kisa akiisoma, atajijua? Na jirani zake watamjua? Ikiwa jawabu ni ndiyo, sura inarudi kufumuliwa. Tunabadilisha mtaa, umri, idadi ya watoto, hata sababu ya ugomvi, mpaka kibaki kile kilichotugusa peke yake. Kusengenya kwa wino ni kusengenya vile vile, na wino unakaa zaidi ya maneno. Ya chumbani baina ya mke na mume hayaingii daftarini kabisa.

Bi harusi na meza yake

Turudi kwa mshonaji wetu. Posa ilipokuja, shangazi yake alimwita pembeni. "Mwanangu, mume hali riwaya. Weka hayo makaratasi mpaka watoto wakue." Hakusema kwa ubaya. Yeye mwenyewe alikuwa na sauti nzuri ya kusoma kasida, akaiacha alipoolewa, na hakuna aliyemuuliza tena.

Tulikaa watatu usiku ule. Tukasema: mahari ni haki ya mwanamke, naye ndiye wa kusema anataka nini, maadamu ni cha halali na kina thamani. Asubuhi yake akamwambia baba yake kwamba mahari yake anataka meza ya mbao, kiti, kabati dogo lenye kufuli, na kompyuta ndogo. Bibi yake alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa kanga. Ami zake waliona ni maneno ya kitoto. Lakini baba aliyapeleka kama alivyoambiwa, na kijana akaleta jawabu kwamba amekubali, ila anauliza meza iwekwe upande gani wa chumba, dirishani au ukutani. Kwa swali hilo tukapata tamaa ya kheri.

Kabla ya nikaha walizungumza, mama yake akiwepo, kuhusu saa moja ya kila siku. Walikubaliana iwe baada ya Alfajiri, kwa kuwa mume hutoka mapema kwenda kazini. Na sisi wenzake tukakubaliana kwamba siku za fungate asiulizwe kitu, wala wiki za mwanzo za kuwazoea wakwe. Tuliziandika katika daftari la siku kama wiki za mapumziko, ili ukimya wake usitutie hofu.

Wiki ya sita, siku ya Ijumaa, simu ililia. Ilikuwa picha ya ukurasa mmoja kutoka Fuoni. Mistari minne, na chini yake sentensi ya kesho. Tangu hapo Ijumaa nyengine analeta ukurasa, nyengine mistari miwili, nyengine hakuna. Sasa ana ujauzito, na hatujui mwakani itakuwaje. Shangazi yake bado anatazama. Mara ya mwisho alipokwenda kumtembelea, aliuliza kama ile habari ya binti wa Malindi imefika wapi.

Ewe dada unayetaka kuanza, chukua daftari moja leo, si matatu. Chagua sala moja, na ukae nalo baada ya sala hiyo kwa siku saba. Andika nusu ukurasa, kisha acha ncha kwa ajili ya kesho. Na wewe unayetarajia kuolewa, jambo hili liseme kabla ya nikaha, kwa upole na uwazi, kama unavyosema habari za masomo au kazi. Mume mwema hawezi kukulindia kitu ambacho hujamwambia kuwa unacho.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie kalamu zetu ziandike la kheri, awape maharusi wetu nyumba zenye utulivu, na mwenzetu amjaalie kujifungua salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.