Kipindi Kilichokufa Baada ya Wiki Chache



Juzi usingizi ulinikataa, nikajikuta YouTube nikitazama kipindi cha Marekani cha mwaka 1980, Pink Lady. Waimbaji wawili wa Kijapani, Mie na Kei, walikuwa nyota wakubwa kwao. NBC ikawapa kipindi cha nyimbo na vichekesho pamoja na mchekeshaji Jeff Altman. Shida ni kwamba Kiingereza chao kilikuwa kidogo sana. Mistari waliikariri kwa sauti tu, kama mtoto anayekariri shairi la tamasha bila kujua maana yake. Mwishoni wanaingia kwenye beseni kubwa la maji moto, Jeff na suti yake! (Hapo nilipeleka mbele haraka, Mama Mchungaji alikuwa karibu.) Vipindi vitano vilirushwa, kikakatwa.

Nilianza kwa kucheka. Mzaha unafika, wao wanatabasamu tu, wanasubiri zamu yao. Lakini wakianza kucheza densi, mkono kwa mkono, mguu kwa mguu, unaona hawa watu wanajua kazi yao. Nikaacha kucheka. Nilikumbuka 2020.

Makanisa yamefungwa, mimi niko sebuleni, simu nimeiegemeza kwa mkebe wa majani chai. Mtu alinishauri nihubiri kwa Kiingereza ili walio ng'ambo wasikie, basi nikakariri mahubiri usiku kucha. Nikasema "Can I hear an amen?" nikamsubiri nani sijui. Dakika arobaini. Baadaye kijana wa mitambo akanipigia: "Pasta, sauti haikuwa inatoka."

Usiku uleule niliifuta ile video. Wapendwa, nilikuwa pia nimeanza kufikiria kuiacha huduma.

Jumatatu shosho mmoja wa kanisa letu akapiga simu. "Pasta, sikusikia kitu. Lakini niliona ile tai yako ya kijani, nikajua kanisa bado liko. Nilikaa mpaka ukamaliza." Akaniambia mjukuu alimsaidia kuniandikia ujumbe pale chini ya video, mara yake ya kwanza kuandika kwa simu. Je, niliuona?

Nilimwambia niliuona.

Tulimzika Novemba, mwaka huohuo.

Kama kuna aliyeihifadhi video ile, au hata picha ya skrini, anitumie WhatsApp. Jumapili tuonane saa tatu.