Mafuta yavujapo chini ya nyumba ya kale

Msomaji, ukibahatika kuzuru jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani, usikose kufika mji wa Dedham. Huko utaiona nyumba ya Fairbanks, iliyojengwa kwa mbao kati ya 1637 na 1641 na ambayo ingali imesimama. Nyumba kongwe ni nyingi katika jimbo hilo, na baadhi zimefanywa makavazi.

Baridi ya huko si ya Limuru. Ni theluji, na nyumba isipopashwa moto mabomba ya maji huganda na kupasuka. Ndiyo maana ukiteremka chini ya sakafu ya nyumba za aina hii, mara kwa mara utakuta tangi la chuma la galoni 275, yaani zaidi ya lita 1,000. Mafuta yaliyomo ni ndugu wa dizeli, ila yametiwa rangi nyekundu ili wakwepaji kodi wasiyatie garini.

Maji hujikusanya chini ya tangi, kutu ikalila kutoka ndani hadi likatoboka. Pengine kosa ni la binadamu: tangi huondolewa, lakini mdomo wa bomba la kujazia ukaachwa ukutani nje. Mwenye lori akikosea nyumba, hupiga mafuta moja kwa moja sakafuni! Mzoefu husikiliza filimbi ya tangi, ambayo hulia linapojazwa. Asipoisikia, huzima pampu.

Zikimwagika galoni 10 au zaidi, sheria hutaka jimbo liarifiwe katika muda wa saa mbili. Moto wote huzimwa, madirisha yakafunguliwa, na mafuta yakafyonzwa kwa vitambaa maalumu. Lakini hebu fikiria kufungua madirisha penye theluji, nayo nyumba imejaa samani na picha za kale!

Ugumu hasa uko chini. Udongo uliolowa sharti uchimbwe, nao ndio unaobeba kuta za mawe. Chimba ovyo, na ukuta utainama. Kwa hiyo huchimbwa kipande kwa kipande, ukuta ukiegemezwa kwa magogo, na afadhali mwanaakiolojia awe kando, kwani humo mna vigae, vifungo vya nguo na mifupa ya vitoweo vya miaka mia tatu. Kigae kilicholowa mafuta huweza kuoshwa. Udongo ukishapakiwa lorini, hakuna atakayejua kilikuwa kimelala wapi.

Pasipochimbika, huzamishwa mabomba ya kufyonza mvuke, yakafanya kazi kwa miezi. Ukiwa mgeni katika nyumba kama hiyo, ukasikia mngurumo mdogo chini ya miguu na harufu kama ya stovu, yamkini ndiyo hayo.