Kinoru: Gari lenye jiko au lenye godoro tu?

Jamaa wa Nairobi akitaka kusafiri na kulala ndani ya gari, atachagua kati ya namna mbili. Kuna Hiace ya kawaida iliyong'olewa viti vya nyuma, ikatiwa kitanda cha mbao, godoro, mapazia na dumu la maji. Kisha kuna Land Cruiser kamili: hema juu ya paa, friji, jiko la gesi, betri ya pili na tangi la maji la lita 60. Tulipouliza, kodi ya hili la pili kwa siku ilikaribia mara tatu ya ile ya kwanza.

Hebu niwaeleze kisa chetu, huenda kikamfaa msomaji anayejiandaa kwa likizo.

Mke wangu ni mzaliwa wa Kinoru, kando ya mji wa Meru. Mimi natoka Kakamega, na kwetu mkwe halali katika nyumba ya mama mkwe. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwafikisha mama watoto na wanawe, nanywa chai, kisha natafuta gesti mjini. Watoto wakaanza kuuliza mbona baba hulala kwingine kama mtu aliyefukuzwa. Nikawaza kwamba gari la kulalia lingemaliza maneno: ningelala uani bila kulala nyumbani.

Watoto, na mimi pia, tulilipenda lile kubwa. Mke wangu akauliza, "Kwani baba watoto, tunaenda kwa mama au tunaenda Turkana?"

Tukakaa chini tukapiga hesabu. Lita 60 za maji ni kilo 60. Hema la paa laweza kufika kilo 50 au zaidi, na uzito ulioko juu huliyumbisha gari konani. Barabara ya Embu, Chuka hadi Meru ni ya kushuka na kupanda mabonde, na mteremko wa mto Nithi si wa mzaha. Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia hapo, watu zaidi ya 30 wakafa. Gari lolote hapo litiwe gia ndogo kabla mteremko haujaanza, maana breki zikikanyagwa muda mrefu hupata moto na kulegea. Mzigo ukizidi, kazi ya breki huzidi pia.

Friji nayo hutegemea betri ya pili, ambayo huchajiwa gari linapotembea. Sisi tungeegesha Kinoru siku tatu. Gari likisimama, betri ya namna hiyo yaweza kudhoofika baada ya siku moja hivi, labda liwe na mtambo wa sola. Kwa hivyo tungelipia kabati la joto.

Lililokata shauri, hata hivyo, ni jiko. "Mama akikuona ukikaanga mayai uani kwake," mke wangu alisema, "atajua umekuja kumwambia hana chakula."

Tukachukua Hiace.

Tuliondoka alfajiri, tukapita Thika, Makutano na Embu. Nithi tuliteremka polepole, wote kimya. Baada ya Nkubu tukavuka ikweta, na muda si muda tukawa Meru. Kinoru wengi huijua kwa uwanja wake wa michezo, uliofanyiwa ukarabati kwa ajili ya mashindano ya CHAN ya 2018 ambayo Kenya ilipokonywa. Hata hivyo, sherehe za Madaraka za Juni 1, 2018 ziliandaliwa hapo.

Mama mkwe alilizunguka gari mara mbili, akachungulia ndani. Alipoona hamna sufuria wala jiko, akatabasamu. "Hiki ni kitanda tu," akasema. "Karibu, mwanangu. Kitanda hakinitukani."

Usiku ule baridi ya Mlima Kenya ilishuka sawasawa. Nilifunga madirisha yote, asubuhi nikakuta vioo vinatiririka maji ya pumzi zetu na blanketi limelowa. Tangu hapo niliacha mwanya mdogo kila upande. Saa kumi na mbili na nusu mama akaleta maji moto ya kuoga na uji wa wimbi. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, nilistaftahi kwake na watoto wangu.

Siku ya nne tulikwenda mbuga ya Meru, alikozikwa Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson, na aliyekufa 1961. Huko, nakiri, Hiace ilitushinda. Mbuga iko chini na jua ni kali. Barafu ikayeyuka kwenye kasha, maziwa yakachacha, na njia za mchanga na matope tulizikwepa tukabaki kwenye barabara kuu. Mwanangu aliomba soda baridi, nikampa ya uvuguvugu. Anayetaka kuzunguka mbugani siku nyingi, au kwenda Marsabit na Turkana ambako maduka yako mbalimbali, asione uchungu kulipia lile gari kamili.

Basi, kabla ya kuuliza bei, jiulize utalala wapi na nani atakupokea. Ukienda nyikani, beba nyumba nzima. Ukienda kwa watu, beba kitanda, na jiko umwachie mwenyeji wako. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sasa mwenyeji atapona vipi ikiwa mgeni amekuja na kila kitu?

Tulipoaga, mama mkwe alitujazia ndizi kule nyuma mpaka godoro likafunikwa. Nafasi hiyo, katika lile gari kubwa, ingekuwa ya friji.